Nadhiri ya Shangazi ya Kuacha Umbea

Mama alipogunduliwa kuwa na saratani ya titi, sisi watu wa nyumbani tulifanya kile ambacho ukoo wetu umekifanya siku zote mambo yanapotuzidi: tuliweka nadhiri. Si nadhiri moja. Kila mtu na yake, kimya kimya, bila ya kushauriana, na hapo ndipo tulipoharibu.

Baba, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yao amegombana na Mama juu ya baridi ya kiyoyozi, alimuahidi Mungu kwamba hataigusa tena rimoti mpaka mkewe apone. Kaka yangu akaacha kutazama mpira, yeye aliyekuwa akiipigia kelele televisheni mpaka Mama anamtupia kandambili. Mimi nikaacha chai ya karak. Mtu asiyeishi Dubai anaweza kuiona hii nadhiri ndogo. Nafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo Jebel Ali, na kutoka kwetu Al Mankhool ni safari ndefu ya metro, nimesimama na begi la mtu mbavuni. Kikombe kile cha chai nzito ya maziwa na iliki ndicho kilichokuwa kikinizuia nisimtukane mtu kabla ya adhuhuri. Nilipokiacha, wenzangu ofisini walianza kunisalimia kwa mbali.

Lakini aliyetushinda wote ni Shangazi.

Shangazi ni dada yake Baba. Anakaa Naif, juu ya maduka ya jumla, na dirisha lake linatazama njia wanayopita wafanyabiashara wanaokuja kufunga mizigo ya Dar, Mombasa na Kampala. Pale dirishani anajua nani kaja kununua mashuka na nani kaja kumkimbia mkewe. Kila alasiri alikuwa anakuja kwetu, anavua buibui, anapanda kitandani kwa Mama na miguu yake yote, na anaanza na maneno yale yale: "Wifi, hili usimwambie mtu." Mama naye hakumwambia mtu, kwa sababu hakubakia wa kuambiwa. Shangazi alikuwa keshawapitia wote njiani.

Watu husema mawifi hawapatani. Hawa wawili walipatana tangu siku ya harusi, na kilichowapatanisha ni kuwateta wageni wa harusi. Mimi nimekulia ndani ya sauti zile mbili nyuma ya mlango, moja inanong'ona na nyengine inasema "weeee", na mpaka leo nikiisikia nahisi niko nyumbani.

Basi siku Mama alipoanza dawa za dripu, Shangazi alisimama katikati ya sebule yetu, akaweka mkono kifuani, akatangaza kwamba ameweka nadhiri: mpaka wifi yake apone, haleti umbea wala haupokei. Baba alitokwa na machozi. Kaka akatoa takbiri. Mimi nilisisimka mwili mzima, maana nilijua huyu mwanamke hana kitu kikubwa kuliko hicho cha kumtolea Mola wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama Mama usoni.

Nyumba ikawa njema kupita kiasi. Mama akitoka hospitali, dawa zimemchosha, kichwa chake kimefungwa kilemba, anatukuta sote tumekaa na tasbihi. Televisheni imezimwa. Kaka anaongea kwa sauti ya chini utadhani amekuja kupima ardhi ya kaburi. Baba anasema "sawa, mke wangu" kwa kila kitu. Mama alimjaribu. Mwezi wa Agosti, jua la kuchomea mkate nje, alizima kiyoyozi makusudi, akakaa kitandani anamsubiri. Baba alikaa na fulana yake, jasho linamchuruzika mpaka kwenye msahafu, akasema ni vizuri hivi, mifupa inapumzika.

"Naishi na malaika," Mama aliniambia siku ile, "na malaika hawana mazungumzo."

Alijaribu kutafuta habari kwengine. Chini kwenye jengo letu kuna mlinzi, dada wa Kiganda, Mkristo mwenye imani ya moto, ambaye tangu asikie habari za Mama hakumwachia lifti bila ya kumuombea kwa jina la Yesu. Mama alikuwa anamshukuru kila mara na kumpa sambusa. Ikafika siku Mama akashuka chini na kilemba chake, akaegemea meza ya mlinzi, akamuuliza kwa upole kama yule bwana wa ghorofa ya juu bado analetewa maua. Yule dada akamshika mkono. "Mama, mimi hapa naona vitu vyote," alisema, "lakini siwezi sema. Ni kazi." Kisha akamuombea tena. Mama alirudi juu na baraka tupu.

Shangazi naye, tumuonee huruma, hakukaa bure. Aliendelea kuja kila alasiri, na kwa kuwa alijikataza mabaya ya watu, akaamua kuleta mazuri yao. Nilikuwepo siku ya kwanza. Alikaa kwenye kiti, si kitandani, magoti pamoja, akasema jirani yake mmoja ana mume mwema sana, mashallah.

Mama aliinuka kwenye mto. "Sana vipi?"

"Sana tu," akasema Shangazi, na akafumba mdomo. Uso wake ulikuwa umevimba kwa yale aliyoyazuia. Nyusi zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, na Mama akawa anazisoma nyusi zile kwa tamaa mpaka Shangazi akazifunika kwa mtandio. Akaendelea: fulani kapata kazi nzuri, fulani kajifungua salama, mtoto wa fulani kahifadhi juzuu. Mama alilala akageukia ukutani.

Tulicheka mimi na Kaka jikoni. Lakini Mama alikuwa anapungua, na si mwili tu, maana mwili tuliambiwa tangu mwanzo kwamba utapungua. Daktari alikuwa na furaha. Uvimbe umesinyaa, alisema, dawa zimekubali, na duru za dripu zilizobakia ndizo za kumaliza kazi, zisikosekane hata moja. Alikuwa akituonesha picha za ndani ya mwili wa Mama kama mtu anayeonesha picha za wajukuu. Mama alizitazama kwa adabu na hakuuliza kitu.

Tulipofika nyumbani, alikaa juu ya kitanda bila ya kuvua viatu akaniambia hatarudi tena kule.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamuuliza. "Waambie khalas, imetosha," alisema. "Nimeshukuru, wamefanya kazi yao. Lakini nikienda kule natapika, na nikirudi hapa nakuta matanga, na maiti ni mie."

Hasira zangu ziko karibu siku zote, na siku hizo hazikuwa hata na chai ya kuzishika. Nilimgombeza mama yangu mgonjwa. Nikamwambia watu wazima kwa watoto wanamuombea, kuna mpaka mtu anafunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili yake, na yeye anataka kuacha wakati dawa imeshika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amechoka na anataka kulala, na duru inayofuata ilikuwa Jumapili ya karibu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku tuliyopewa majibu. Siku ile adui alikuwa ugonjwa, na sote tulikuwa upande mmoja.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda kwa sheikh wetu, mzee wa Kiunguja anayeuza udi Deira, mtu ambaye familia yetu imemuuliza kila kitu tangu miaka ya babu. Nikamueleza habari za nadhiri zetu zote, mpaka Mama alivyomhoji mlinzi juu ya bwana wa maua. Ya chai na ya mpira hakupata taabu nazo. Lisheni maskini, alisema, mtoe kafara, mrudi kwenye maisha yenu kabla hamjamuua mtu. Ya rimoti alisema Baba aendelee nayo tu, hiyo ni hekima.

Nikafika kwenye ya Shangazi. Sheikh aliacha kufunga udi.

"Yaani umekuja hapa," alisema, "na buibui lako, unataka nikupe fatwa ya kusengenya."

Nilimwambia si kwa ajili ya starehe, ni dawa. Akanieleza, kwa upole mkubwa, kwamba kuacha kuwateta watu si nadhiri, ni dini, na kwamba Shangazi alipaswa kuacha tangu alipobaleghe. Hawezi kumfungulia mlango ule. Nikalia pale dukani mbele ya wateja wawili wa Kiarabu waliokuja kunusa udi. Sheikh alinipa kitambaa chenye harufu ya miski akaniacha nimalize. Nilipotulia akainama kidogo.

"Kwani," aliuliza, "kuhusu yule bwana wa maua, huyo mlinzi hajasema lolote?"

Nikamwambia hajasema. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akafikiri kwa muda mrefu, akasema yapo mambo ya mtu mmoja ambayo Shangazi ana ruhusa nayo. Ayaseme yake mwenyewe. Si madhambi, madhambi ayasitiri; ayaseme yale ya aibu ndogo ndogo, ya kuchekesha. Heshima yake ni mali yake, akitaka kuigawa aigawe.

Nilimpelekea Shangazi hukumu hiyo mpaka Naif. Aliipokea vibaya. Alisema yeye hana aibu yoyote, maisha yake yote ni wazi. Nikamwambia Jumapili Mama haendi hospitali. Akafunga dirisha, akatafuta buibui.

Alasiri ile nilibakia jikoni na mlango wazi, nachambua mchele ambao haukuwa na hata jiwe moja. Shangazi aliingia chumbani, na nilisikia kitanda kikilia. Alipanda na miguu yake yote.

Akaanza na vileja. Vile vileja vya kila Idi, ambavyo ukoo mzima unavisifu kuwa ni vya mkono wake, vinatoka kwa mwokaji mmoja wa Kipakistani nyuma ya soko. Yeye anavihamishia kwenye bati lake na kuvipaka unga kidogo. Nikamsikia Mama akisema, taratibu, kwamba yeye alimuomba namna ya kuvipika miaka chungu nzima, na Shangazi akajibu kwamba ndiyo maana kila mara alimpa maelezo tofauti.

Akaja na metro. Alipanda behewa la wenye tikiti ya ghali bila ya kujua, na mkaguzi alipomjia akajifanya hajui Kiarabu, wala Kiingereza, wala Kihindi. Alikuwa karibu kuponea hapo, ila mkaguzi mwenyewe alikuwa Mkenya. Alimwinamia akamwambia, "Mathe, hebu toa hiyo kadi." Nikamsikia Mama akitoa sauti ambayo sikuisikia tangu kiangazi kianze.

Akaja na yule mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuja kumposa, hadithi ambayo sote tumeikariri. Hakuja kuposa. Alikuja kuuliza kama anakodisha chumba.

"Na mie nikakushonea nguo," alisema Mama. Alikuwa anacheka na kukohoa pamoja. "Nikakushonea nguo ya zari."

"Bado ninayo," alisema Shangazi. "Hainienei."

Walicheka mpaka nikasikia glasi inaanguka. Nilitaka kuingia nikajizuia. Kisha kicheko kikaisha, na Shangazi hakuanza jengine. Nilidhani yamemwishia.

"Lipo moja," akasema mwisho. "Wifi, mie naogopa. Kila nikiona kitu pale dirishani mkono unashika simu kukupigia, hata sijajua nimeona nini. Ukiondoka, mie n'tamwambia nani?"

Hakuisema kwa kulia. Aliisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hatakiweza.

"Kwa hivyo," alisema Mama, "unamuomba Mungu nipone upate wa kuteta naye."

Shangazi akafikiri. "Ndiyo. Sina sababu nyengine."

"Basi niombee hivyo hivyo. Hizo dua zenu za subira na mwisho mwema zinanisindikiza. Kila nikizisikia najiona niko mlangoni na viatu. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia Mungu kwamba ananihitaji."

Nilisogea mlangoni. Shangazi alikuwa amekaa katikati ya kitanda, mtandio umemwanguka mabegani, nywele nyeupe zimesimama ovyo. Akainua mikono.

"Ya Rabbi," alisema, "niachie huyu. Wengine hawasikilizi mpaka mwisho."

Mama akaitikia kwa sauti iliyomfikia Baba sebuleni. Kisha akaniona mimi nimesimama na sinia la mchele, macho yamenivimba, akaniuliza Jumapili tunatoka saa ngapi. Nilimwambia saa mbili asubuhi.