Uji Ndani ya Ukuta wa Saluni

Nimewahi kukuta chura mfu kwenye ndoo ya maji ya kunywa bwenini, nikacheka. Ila kilichotoka kwenye ukuta wa saluni ya mama mdogo kilinikosesha chakula cha mchana na cha usiku.

Likizo hiyo nilitoka kwetu Nachingwea nikaenda kwake Ruangwa. Alikuwa amegawa chumba kwa ukuta wa bodi za jipsam, akaupaka rangi ya waridi, maharusi wapigie picha hapo. Bi harusi wake wa kwanza, binti kutoka Nandagala, alikuwa anakuja Jumamosi. Akitoka anacheka, saluni imepata jina. Akitoka amenuna, mji mzima utajua kabla ya adhuhuri. Na hiyo ilikuwa Ijumaa, na pale bodi mbili zinapoungana, tepu ya karatasi ya kuzibia ufa ilikuwa imevimba mapovu kama chunusi za kiranja wetu wa usafi.

Mimi nimeshabeba ndoo za fundi jipsam, kwa hiyo nikapewa wembe. Nikachana povu kubwa nikitegemea unga mkavu. Kikachuruzika kitu cha kijivu, kinavutika kama makamasi, kina manyoya ya ukungu, na vitoto vya mende vinaogelea humo. Kikanishukia mpaka kwapani. Dah!

"Mama mdogo, ukuta wako una usaha!"

Baba mdogo, aliyeujenga mwenyewe, akakohoa. "Si usaha. Uji wa muhogo huo. Jipsam ya kubandikia tepu iliisha. Shuleni tulibandikia ramani kwa uji, hazikubanduka."

"Umenibandikia saluni kwa uji?" mama mdogo akauliza, taratibu, ile taratibu ya hatari.

"Ungetia na sukari, baba mdogo. Mende wamekula bila ladha."

Nikapigwa kwa kitambaa cha deki.

Nikabandua tepu yote, nikakwangua huku nimebana pumzi, nikafuta, tukawasha feni. Ukuta ulipokauka nikapaka jipsam tuliyonunua dukani, nikalaza tepu mpya juu yake, nikaikandamiza kwa bapa la chuma kuanzia katikati ili hewa itoke pembeni. Ukuta ukanyooka. Uvundo ndio haukutoka, ulishapenya ndani ya bodi. Mama mdogo akamwaga marashi, ikawa kama mtu katapika halafu kavaa suti.

Asubuhi bi harusi akaja na shangazi yake. Shangazi akatia mguu mmoja ndani, akaziba pua.

"Humu mmemficha nani?"

Bi harusi akarudi nyuma, mkono mdomoni. Mama mdogo hakubishana. Akakokota kiti mpaka barazani.

"Leo napambia nje, mwanangu. Mwanga wa huku ndio wenyewe." Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe wa uji, shika kioo."

Kile kioo kikubwa cha ukutani. Baba mdogo akakibeba kifuani, jasho likimtiririka, wapita njia wakimpa pole. Kila mikono ilipolegea, bi harusi alimwambia kwa adabu zote:

"Juu kidogo, baba. Shingo siioni."