Tumbo la Dada Fundi

Simu iliita Vifungo akiwa dukani anamalizia sare za shule. Shemeji yake hakusalimu.

"Dada yako ametutoka," alisema.

Kabla machozi hayajafika, tumbo lilishatangulia. Lilijikunja kama kitambaa kilichonaswa na sindano, akashika ukingo wa meza ya kukatia. Maumivu yale aliyajua. Ndiyo aliyokuwa nayo dada, na yeye alikuwa nayo tangu mwezi wa tatu, hajamwambia mtu.

Dada Fundi, aliyempa mdogo wake jina la Vifungo kwa kuwa ndiye aliyeshona vifungo dukani, alishona miaka ishirini na mbili katika chumba kile chenye cherehani mbili na kioo chenye ufa. Hakukata kitambaa cha mteja kabla ya kumtaja Mungu na kuweka kiganja tumboni. Likiwa limetulia, mkasi ulipita. Likikaza, alikunja kitambaa akangoja. Wateja walimtania kwamba mafundi wenzake hupima kwa futi, yeye hupima kwa utumbo. Naye alicheka kuliko wao.

Mwaka jana tumbo likakataa kutulia. Usingizi ukampotea, hofu zisizo na sababu zikamwandama, akawa analia uzi ukikatika. Daktari alieleza kwamba utumbo na ubongo ni majirani wa ukuta mmoja: huku kukiwa na ugomvi, kule hakulaliki. Kisha akaandika karatasi ya vipimo, ajue ugomvi umeanzia upande gani.

Familia ilishika nusu ya maneno. Ni mawazo, walisema. Wakamwombea, wakamtaka apumzike. Aliyesema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Vifungo.

"Dada, mwachie Mungu. Woga wako ndio unaokuuma."

Dada aliitia karatasi ile kwenye kopo la vifungo. Alipokuja kupelekwa hospitali hajiwezi, uvimbe ulikuwa umeshaziba utumbo.

Siku mbili za msiba Vifungo alificha ndani ya mtandio mkono ulioshika tumbo. Kila tumbo liliposokota alijiuliza: ni huzuni, au ndio ule uvimbe? Aliogopa kujua, akaogopa kutojua. Na aliyemnyamazisha mgonjwa atalalamika kwa nani? Shangazi alimwona, akamnong'oneza kwamba mimba za uzeeni hazifichiki. Wanawake wakacheka kidogo.

Makaburini, jeneza likiwa bado juu, alimsogelea shemeji.

"Shemeji, linaniuma kama lilivyomuuma yeye. Nipeleke nikapimwe."

Shemeji hakumwambia ni mawazo.

"Kesho asubuhi nitakupitia," alisema.

Hofu haikuondoka. Jeneza likateremshwa, sala ikasomwa. Vifungo alimwomba dada msamaha kwa sauti ya chini, akatupa udongo kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa tumboni. Wanaume wakajaza kaburi. Kisha watu wakaondoka, dada akabaki.