Walichimba Huku Nakataa

Gogogo ukimtoa ziwani analia. Samaki wengine wanatapatapa wanakufa, yeye analia kabisa. Kwetu Mugango tulikuwaga tunamla sana. Siku moja dada yangu mkubwa, bado mtoto, akamsikia akilia ndani ya ndoo, akasema huyo mimi simli. Baba akagomba. Mama akasema tu, "Amekataa," akamchemshia maharage. Yakaisha. Hakuna aliyemuuliza sababu, wala hakumla mpaka anazeeka. Naongea samaki kwa kuwa hasira hii sijui niishikie wapi.

Huyo dada aliolewa Buswahili. Mume akaleta mke mwingine, wakamtoa yeye na kifurushi chake cha nguo. Nikampokea mimi. Tumelima wote miaka mingi, ameugulia kwangu. Alipozidiwa alinishika mkono akasema, "Unizike kwa mama. Usinirudishe kule walikonitoa."

Akafia hospitali, Musoma mjini. Mwanawe, mwalimu huko Bunda, akauchukua mwili moja kwa moja mpaka Buswahili, kwa marehemu baba yake. Mimi kaka mtu nikapigiwa simu kama jirani. Nikapanda pikipiki. Nafika, watu wako chini ya turubai kwenye kikao, na nyuma ya nyumba nasikia jembe linagonga changarawe.

Sasa kwetu, ndugu wa marehemu akisema nakataa, majembe yanalazwa chini. Hata mlevi anajua hilo. Watu wanakaa upya, hata kama maiti italala. Mwenyekiti, baba mdogo wa huyo mwalimu, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

"Mimi nakataa. Dada yangu anazikwa Mugango, alisema kwa mdomo wake."

Mpwa wangu akainuka taratibu. Bora angenitukana.

"Mjomba, hapo hujakataa. Kwa Kiingereza tunasema umedisagrii. Ni haki yako na tunaiheshimu."

Akaanza kutufundisha, mama yake yuko ndani ya sanduku. Eti neno hilo ni pana. Watu wawili wanadisagrii habari za mpira, na jioni wanarudi na basi moja. Hesabu mbili zisipolingana, nazo zimedisagrii. Hata chakula kikikuvuruga, Mzungu anasema kimedisagrii na wewe. Watu wakacheka, msibani. Mama mmoja wa jikoni akasema kumbe mjomba ndiye kiporo cha leo.

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini huo ni ujinga wa kusomea. Neno gani hilo, unaachiwa mdomo halafu mikono yao inaendelea? Kukataa kunazuia. Kama hakuzuii, basi nimepiga chafya tu. Na muda wote huo jembe halikupumzika, ti, ti, ti.

Nikamuuliza, "Na hao wanaochimba, umewaambia nini?"

"Mjomba, tumekusikia."

Mwenyekiti akanishukuru kwa maoni yangu mazuri, akatangaza ibada saa tisa. Maoni! Kinywa cha dada yangu kimegeuzwa maoni yangu.

Nikapitia nyuma ya nyumba. Shimo lilikuwa limewafika kiunoni, na hakuna aliyeinua uso. Nikashika njia kwa miguu. Buswahili sijakanyaga tena.