Zuleha Aingia Vitani

Watu wa Bondeni na wa Mlimani pale Narung'ombe walipogombania penalti, Zuleha alibaki mtu pekee aliyesalimiana na wote. Penalti yenyewe aliiona, na kwa maoni yake ilikuwa halali kabisa, ila maoni hayo aliyafungia moyoni. Mwenye mashine ya kusaga hana timu.

Mashine aliachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa Bondeni, na anayetoka Mlimani na ndoo yake ya mahindi lazima apite mbele ya nyumba ya Mahamudu, kocha wa Bondeni. Wateja wa Mlimani wangekoma, mashine isingeweza kujilipia hata dizeli, na Zuleha angerudi kupalilia mikorosho ya watu kwa kibarua. Kazi hiyo aliwahi kuifanya, na mgongo wake haukuisahau.

Vijana wa Mahamudu walipolaza gogo njiani kuwasumbua watu wa Mlimani, Zuleha alicheka. Ukoo wake na ukoo wa Mahamudu ni watani tangu enzi za mababu. Siku ya mazishi ya mumewe, Mahamudu ndiye aliyejilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Mtu wa namna hiyo utamkasirikiaje kwa gogo?

"Mtani, siku hizi unalima magogo?" alimuuliza.

"Nafuga. Wewe saga tu, mama. Tumbo lako nalijua, halina upande."

Baadaye baiskeli za watu wa Mlimani zikaanza kutolewa upepo. Zuleha akacheka tena, safari hii kidogo. Foleni ilikuwa imepungua, na kuku waliozoea kudonoa pumba mlangoni walianza kuhama.

Mwalimu Eustakio, anayefundisha historia sekondari, alikuwa akisubiri mahindi yake.

"Dada Zuleha, wewe ni Marekani ya Vita ya Kwanza ya Dunia," alisema. "Walikaa pembeni karibu miaka mitatu. Wanauza huku, wanauza kule, ingawa huku kuliko kule. Halafu nyambizi za Wajerumani zikatangaza kuzamisha kila meli, hata ya asiyepigana. Kisha ikanaswa simu ya siri ya maandishi, Mjerumani anaishawishi Mexico iwavamie."

"Wakaingia kwa ajili ya meli?"

"Wengine wanasema meli, wengine wanasema fedha walizokopesha. Rais wao alisema ni haki. Kila mwaka nawauliza wanafunzi, kila mwaka wanajibu tofauti."

"Basi mimi sina meli," Zuleha alisema, akazima mashine.

Kesho yake Bi Mwanaima wa Mlimani, ambaye mjukuu wake alikuwa anaposwa, alisaga unga wa kuwapikia wageni. Hakufika nao mbali. Vijana wa timu waliupindua palepale kwenye gogo, na Mahamudu akatazama akiwa kibarazani.

"Utani tu, mama," alisema, Zuleha alipofika mbio.

Zuleha aliutazama unga mchangani, kisha akamtazama bibi aliyekuwa anajaribu kuuchota wa juujuu. Mwanaima kwao ni kijiji cha Kiegei. Hana utani na Mahamudu, wala wenye baiskeli hawana. Ni yeye Zuleha tu aliyekuwa na haki ya kucheka, na kila alipocheka, alikuwa anamruhusu Mahamudu kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma.

Aliingia nyumbani kwa Mahamudu, akamwamkia mkewe, akainama uvunguni, akatoka na mpira wa timu. Jioni ile Bondeni walikuwa wanacheza na vijana kutoka Nkowe, na mpira ulikuwa huo mmoja.

Mahamudu alimkuta mashineni ameukalia.

"Mtani, inuka. Nkowe wamefika na bodaboda nne."

"Nataga. Kuku akitaga haondolewi."

"Zuleha, nitakasirika."

"Huwezi. Ulipolala kwenye kaburi la mume wangu, nilikasirika?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliinamisha nyuso, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Sema unataka nini," Mahamudu alisema mwishowe.

"Gogo lipasuliwe, liwe kuni za Bi Mwanaima. Na unga wake huu hapa, nimesaga mwingine. Utaupeleka wewe, kichwani, mpaka mlangoni kwake."

Alikwenda. Mlimani nzima ilitoka kutazama, na mtu mmoja akamuuliza kocha kama hiyo nayo si penalti. Bi Mwanaima alimpa maji na kigoda, akamsifu kwa shingo imara. Mahamudu aliporudi alikuwa mweupe mpaka nyusi, naye mwenyewe anacheka. Mechi ilichelewa, Bondeni wakafungwa, na lawama zote akatupiwa Zuleha.

"Sasa wewe umeingia kwa nini?" Eustakio alimuuliza siku ile foleni iliporudi kama zamani. "Wateja?"

"Wateja wamo, siwezi kukudanganya." Alimimina mahindi, akafikiri. "Lakini nilichoka kucheka."

Alimkumbuka babu wa mama yake, aliyebebeshwa masanduku ya risasi vita hiyo hiyo ya wageni ilipopiganwa hapa Narung'ombe, na hakuna aliyemuuliza yuko upande gani. Kuamua mwenyewe, aliona, nako ni neema.

Akavuta mkanda, mashine ikanguruma, na kuku wakaja mbio.