Maswali ya Bi Gundi

Mtaani kwetu anaitwa Bi Gundi, naye huitika bila kinyongo, maana vidole vyake vimekolea gundi ya viatu mpaka sabuni imekata tamaa. Kibanda chake hakizidi upana wa kitanda. Humo mna kigoda, nyundo, kalibu ya chuma ya kuvalishia kiatu, debe la soli chakavu, na mjukuu wake wa miaka sita, ambaye kwa wembamba wake anaitwa Msumari. Mama yake Msumari anafanya kazi mji mwingine, kwa hiyo bibi ndiye anayemsuka nywele na ndiye anayesaini karatasi za shule.

Mimi ni mwalimu. Kila mwanzo wa mwaka napewa kazi ya kuwapima watoto wapya, na kazi yenyewe ni nyepesi mno: natoa kitu kwenye sanduku, nakiinua, nauliza, "Hiki ni nini?" Anayejibu anaingia darasa la kwanza. Asiyejibu namwandikia kwenye fomu neno "mzito", naye anapelekwa chumba cha nyuma, kando ya stoo, ambako mtoto akishaingia ni nadra kumwona akitoka. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na sikuwahi kujiuliza chochote juu yake.

Jumatatu ile nilimwinulia Msumari kikombe. Kimya. Nikainua ufunguo. Kimya. Kijiko, kimya vilevile. Hakuonekana kuogopa. Alinitazama kwa upole, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Nilishika kalamu niandike, nikasita. Nisijisifu bure, kilichonizuia si huruma bali udaku tu: nilitaka kujua kwa nini mtoto aliyeshindwa ndiye anayenisikitikia mimi.

Fomu zilitakiwa kwa mwalimu mkuu siku ya Ijumaa. Jumatano baada ya vipindi nikaenda kibandani, na nikapata kisingizio kizuri: kiatu changu cha kushoto, ambacho kilinitesa tangu siku niliyokinunua.

Bi Gundi alikipokea, akakigeuza huku na huku. "Kinakubana wapi, mwalimu?"

"Hapa kwenye dole gumba."

Kabla hajatia neno, Msumari akadakia akiwa kwenye debe lake la soli. "Ukisimama tu, au mpaka utembee?"

"Mpaka nitembee."

"Ukipanda au ukishuka?"

Hapo ilibidi nifikiri. "Nikishuka."

"Basi si dole, bibi. Kisigino kimelegea, mguu unamteleza mbele."

Bi Gundi akakitikisa kisigino, kikacheza. Nilipigwa na butwaa. Na huyu ndiye niliyetaka kumpeleka kando ya stoo!

Nikamweleza Bi Gundi yaliyotokea Jumatatu, na kwamba nimebakiwa na siku mbili tu za kuandika. Aliposikia habari ya chumba cha nyuma uso ulimbadilika, akaiweka nyundo chini.

"Wewe, kwa nini hukumjibu mwalimu?"

Msumari alijikunyata. "Alikuwa anakijua kile kikombe, bibi. Nilimwona anakinywea chai kabla sijaitwa. Nikadhani labda leo hayuko sawa, nikaona nisimwaibishe mbele za watu."

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Bi Gundi hakucheka.

"Hapa kwangu, mwalimu, mtu akikuuliza ujue hajui. Mimi namuuliza mteja kiatu kinamuuma wapi kwa sababu mguu ni wake, si wangu. Ukimuuliza mtu kitu unachokijua, ama unamdhihaki ama unamtega."

"Lakini shuleni tunauliza ili tujue kama mtoto anajua."

"Sasa si ungemuuliza kama anajua?"



Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza. Baba yangu alikuwa karani, na mama alinishindisha kutwa kwa maswali: hiki ni nini, na hiki je, na kile pale? Nikijibu napigiwa makofi. Nilipofika shule mchezo ule nilikuwa naujua tangu nyumbani, basi nikaitwa mwenye akili, na mimi nikaamini. Msumari anaongea Kiswahili kilekile ninachoongea, tena ulimi wake ni mwepesi kuliko wangu. Maneno hayakutupiga chenga. Tulipotofautiana ni juu ya kazi ya swali, na hilo chuoni kwetu hakulitaja mtu.

Alhamisi asubuhi nikamwita tena. Nilitia vitu vyangu kwenye mfuko wa kitambaa, nikamkabidhi, nikamwambia atoe kimojakimoja, kisha nikageukia ukuta. Mwalimu mkuu alipita dirishani akanikuta nimesimama hivyo, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Aliguna, akaenda zake.

"Umeshika nini?" niliuliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kweli sikujua.

"Kijiko. Lakini kimepinda shingoni, mwalimu." Nikamsikia akipekua. "Huu ni ufunguo, jino moja limelika. Na hiki kikombe kina ufa, usikitilie chai ya moto."

Fomu haisemi popote mwalimu atazame wapi. Niliandika darasa la kwanza, nikapiga mstari chini yake.

Jioni nikampelekea Bi Gundi habari. Alifurahi kwelikweli. Alimkumbatia mjukuu wake mpaka akamwachia alama ya gundi begani, kisha akamtuma dukani kununua uzi. Mtoto alipotoka, alinisogezea kigoda nikae.

"Mwalimu, nikuulize kitu."

"Uliza tu, mama."

"Mimi nilikaa shule mihula miwili. Siku moja mwalimu aliinua chaki, akaniuliza ni nini. Nikaona ananicheka, nikanyamaza. Akamwambia baba kwamba mimi ni mzito, heri nifundishwe kazi ya mikono." Alizitazama kucha zake. "Je, nilikuwa mzito?"

"Hapana," nilijibu upesi.

"Wewe hukuwepo. Usinijibu kwa kunionea huruma. Nimeishi na neno hilo miaka hamsini, nataka kujua."

Nilishikwa na haya ambayo sijawahi kuipata mbele ya mkaguzi yeyote. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba sikuwepo, na kwa hiyo sijui, lakini kila mtoto aliyenyamaza mbele yangu nilimwandikia neno hilohilo, na kabla ya Msumari sikumfuata hata mmoja kumuuliza sababu.

Hakukasirika. Aliinama mbele kidogo, kama afanyavyo akielezwa maumivu na mteja.

"Wangapi?" aliuliza.

Nilianza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, nikahamia wa pili, vidole vikaisha, nikaikunja mikono mapajani.