Miguu Niliyoiruka

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kariakoo kulikuwa na kosa moja lisilosameheka: kumruka mtu aliyelala. Bibi alikuwa akifoka, "Umemruka mwenzio, hakui huyo! Rudi ulikotokea, umruke tena!" Unarudi mbio, unaruka, yamekwisha.

Siku moja mimi sikurudi. Mama alinituma kumshikia foleni ya unga kwenye duka la ushirika, nikairuka miguu ya mdogo wangu Mwanaidi, bado mchanga, amelala mkekani, nikatimua mbio. Watoto wa rika lake wakasimama, wakatembea. Yeye hakusimama.

Nilitaka kulirekebisha, wallahi, lakini sikukumbuka niliruka nikitokea upande gani! Nikimruka kutoka upande wa dirisha, najipa moyo kwamba nimemfungua. Punde naogopa kwamba nimemfunga mara ya pili. Nilikuwa na miaka minane tu.

Mwanaidi alipotimiza miaka mitano, balozi wa nyumba kumi akaja na mama mmoja wa Ustawi wa Jamii.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

"Kuna kituo cha watoto kama huyu," yule mama wa Ustawi akasema. " Atapata viatu vya chuma, atasoma. Gari linakuja Jumatatu."

"Mjukuu wangu ana kwao," Bibi akasema. Mama akauliza gari litafika saa ngapi. Alikuwa akiamka alfajiri kupanga foleni, na mgongo wa Bibi ulikuwa umeshachoka kumbeba mtoto.

Hadi Jumatatu nilimruka Mwanaidi mpaka akawa ananicheka. Akishaondoka, nitamrukia wapi tena? Gari lilipopiga honi na Mama akabeba kifurushi cha nguo, nikasimama mlangoni, mikono nimeitanua.

"Msimchukue! Mimi ndiye niliyemruka!"

Mama aliketi sakafuni, akalia. "Kumbe na wewe unajilaumu? Mwenzio nilidhani ni mimi, kwa nilichokula nikiwa na mimba yake." Akakifungua kile kifurushi. Gari likaondoka bila Mwanaidi, na Bibi akapiga vigelegele.

Shule ya karibu ilimkataa. Alikulia nyuma ya pazia, akipendwa sana, akisubiri mmoja wetu arudi amsimulie ya mtaani. Mpaka leo barua anazoandikiwa namsomea mimi. Juzi aliniuliza, "Dada, kule kituoni walikuwa wanafundisha kusoma kweli?"

"Walikuwa wanafundisha," nikamjibu, nikainamia barua.

Kule kumruka nilishajisamehe zamani. Kule kusimama mlangoni, bado.