Gunia la Nguo za Mama

Mimi ni afisa wa usalama kwenye mitambo ya mvuke huko Olkaria. Kazi yangu ni kuwakumbusha wenzangu kwamba kitu chenye presha hakichezewi. Ndiyo maana aibu hii bado inaniwasha.

Mama yangu yuko Kakamega na anapika kwa kuni. Kila nikimpigia simu, anakohoa kwanza ndipo aseme halo. Nikamnunulia mtungi wa gesi, umejaa. Nilijua fika kwamba ofisi za vifurushi hazipokei gesi, lakini nikajiambia sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wazembe, si mtu kama mimi. Nikauvika mtungi koti langu kuukuu la kazini, nikauzungushia blanketi, nikautia kwenye gunia na kulishona mdomo.

Nikalipeleka ofisi ya vifurushi pale Nakuru. Dada wa kaunta aliniuliza, "Boss, ndani kuna nini?"

"Nguo za mathe."

Akajaribu kulinyanyua gunia, likamponyoka, likagonga mizani kwa mlio wa chuma. Foleni nzima ikageuka kutazama.

"Ni nguo za baridi," nikasema, kana kwamba hilo lilieleza chochote.

Hakubishana nami. Alikata uzi taratibu, akafunua blanketi, akakutana na mgongo wa koti langu. Akasoma maandishi yake kwa sauti, watu wote wakisikia: "Usalama kwanza. Una shaka? Niulize mimi."

Kisha akaniangalia.

"Haya, boss, nakuuliza tena. Ndani kuna nini?"